Karatasi ya Namanga

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Namanga, mji wenye jina lilelile pande zote mbili chini ya mlima Ol Doinyo Orok, ukakatwa katikati. Geti lilifunguliwa tena mwaka 1983, ila mchuuzi wa maharage hakupata nafuu kubwa. Forodha ilikuwa mahali pa wenye malori na mawakala. Yeye alibaki na njia za panya, usiku, roho mkononi, akijua kwamba akikamatwa mzigo umekwenda wote na mtaji ndiyo basi tena.

Serikali ya Tanzania ilishaanzisha shirika la SIDO mwaka 1973 ili kulea viwanda vidogo, na Bodi ya Biashara ya Nje mwaka 1978. Sheria ya mwaka 2009 ikaleta TanTrade, mamlaka ya kuendeleza biashara. Vyombo hivyo vimewasaidia wengi. Lakini mama mwenye magunia matano hakuwa akililia banda la maonyesho Sabasaba. Alitaka kuvuka mchana.

Jumuiya ilikuja kufufuliwa, na Umoja wake wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa za Tanzania na Uganda zikaruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru wa forodha, mradi mwenye mzigo athibitishe kuwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Uthibitisho wenyewe ni cheti cha uasili wa bidhaa, na hapo ndipo wadogo walipokwama: utaratibu wake uliwafaa wenye kampuni.

Kwa hiyo nchi wanachama zikakubaliana kuwa na cheti rahisi, cha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Ni karatasi moja tu. Unaandika jina lako, bidhaa, kiasi na thamani yake, unatia saini, afisa wa forodha anagonga muhuri papo hapo mpakani. Wakala hahitajiki, na cheti hakilipiwi. Kwangu mimi, hakuna msaada uliomfikia mchuuzi mdogo kwa karibu kuliko huu.

Desemba 2018, Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha huduma kwa pamoja Namanga. Anayetoka Tanzania sasa anapita upande wa Kenya tu, ambako maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Hapangi foleni mara mbili.

Cheti rahisi hakimwondolei mchuuzi kila kikwazo. Maharage bado yanadai cheti cha afya ya mimea, na kukikosa hicho kunatosha kumrudisha mtu kwenye njia za panya. Wengine hawajawahi hata kusikia habari za cheti rahisi. Tangazo lake lisiishie ukutani mpakani. Libandikwe Soko la Kilombero pale Arusha, kwenye mizani, magunia yanaposhonwa, kwa sababu mchuuzi huamua njia ya kupita kabla hajapakia mzigo.