Tarika ya Kadiria na Njia ya Tabora

Apitaye leo Gongoni, mjini Tabora, huenda asitambue kwamba yumo katika mji uliokuwa njia panda ya bara zima. Kwani tangu Waarabu wa Omani na Waswahili wa Mrima walipotua Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa itokayo Manyema na Ujiji ilipumzika hapa kabla ya kushika mwendo wa Bagamoyo. Matajiri wale, wengi wao Waislamu wa Kiibadhi, hawakujishughulisha sana kuwasilimisha wenyeji, biashara iliwatosha.

Dini ilienea zaidi baadaye, kwa mkono wa tarika, yaani njia za Kisufi. Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847 na kuuawa 1909, alipofika Unguja na kupata heshima ya Sultani Sayyid Barghash, aliwapa makhalifa wake ijaza, yaani idhini ya kufundisha na kuongoza, nao wakaieneza tarika ya Kadiria hata bara, na huko Tabora ikashikwa na Sheikh Zahor bin Muhammad. Katika dhikri watu walisimama duara, mkono kwa mkono, wakiinama na kuinuka pamoja, na jina la Mola likitoka vifuani kwa pumzi nzito. Na katika duara lile mpagazi alimshika mkono mtu ambaye barazani asingethubutu kuketi naye. Hilo, kwa rai yangu, liliwavuta watu kuliko hotuba yoyote.

Shahidi wa usawa huo ni nyumba ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, ndilo jina lake, alikuwa mtoto wa Manyema aliyefikishwa pwani katika utumwa, akalelewa katika nyumba ya Amir bin Suleiman Al-Lamki. Akasoma, akapata ilimu na ijaza, akawa khalifa ambaye hata waungwana waliotukuza nasaba zao walimwendea kutaka fatwa. Alipofariki 1931, mwanawe Sheikh Muhammad alirithi uongozi wa tarika, na maulidi yake yakawakusanya maelfu ya watu. Kisha Sheikh Muhammad akasimama upande wa TANU, chama kilichopigania uhuru.

Basi nasaba ya mashekhe hawa haikutegemea damu peke yake, bali silsila, yaani mnyororo wa walimu, jina baada ya jina hata kwa Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdadi. Wenye ijaza za wazee wao, Gongoni au kwingineko, na wazitoe sandukuni zinakiliwe kabla mchwa hajazila.