Mabega ya Boriti: Tiba ya Damu Iliyovilia katika Delta ya Rufiji

Anayesoma historia ya tiba ya Rufiji hukutana kwanza na maji ya Ngarambe. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa huko dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, na tangu hapo mganga yeyote wa bonde lile huandikwa kana kwamba ni mrithi wake. Vita vya Majimaji vinastahili nafasi yake vitabuni. Ila dawa iliyotumika miaka nenda miaka rudi kwenye visiwa vya delta, kuanzia Salale hadi Mbwera, haikuhusu risasi hata kidogo. Ilihusu bega lililovilia damu. Hoja yangu ni kwamba tiba hiyo ya nyumbani ilipata umbo lake kutokana na kazi, hasa kazi ya boriti, na kwamba uzuri wake na kasoro zake haviwezi kueleweka ukiiweka kazi hiyo pembeni.

Mikoko ya delta, takriban hekta 53,000, ndiyo mingi kuliko ya mahali pengine popote Tanzania. Boriti zake zilivuka bahari hadi Unguja, Oman na Kuwait, na vyumba vya nyumba za kale za mawe vikawa vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia Rufiji na jahazi la Wakuwait lililofuata shehena hiyo, akaandika juu ya matope na mvua iliyowatesa mabaharia. Mti hukatwa maji yakiwa yametoka, kisha hubebwa begani juu ya mizizi yenye utelezi mpaka kwenye mtumbwi, na huko huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Ngata ya nguo kuukuu hupunguza uzito wa mti, lakini haisaidii kitu mguu unapozama, ugoko ukagonga mzizi na boriti ikarudi kwa kishindo juu ya mfupa wa bega.

Jioni maji ya chumvi hubandikwa jikoni. Mkandaji huchovya kitambaa, hukikamua, hukijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo akakigandamiza penye uvimbe, tena na tena mpaka maji yapoe. Baadaye hufuata kuchua kwa mafuta ya nazi. Uvimbe ukikaidi, wengine huchanja na kuumika kwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu ambayo Frederick Johnson aliiingiza katika kamusi yake ya 1939.

Daktari wa leo atapinga mara moja, na ana haki. Pigo hupasua mishipa midogo chini ya ngozi, damu ikavuja na kunaswa humo. Katika siku moja au mbili za mwanzo kinachofaa ni baridi na kuinua kiungo, maana joto hupanua mishipa na kuzidisha uvimbe, na kuchua kwa nguvu huamsha uvujaji upya. Joto lina faida baadaye, mwili unapoifyonza ile damu, kazi inayochukua kama wiki mbili. Basi mkandaji alikosea saa, hakukosea dawa. Wala saa hiyo hakuichagua kwa ujinga. Baridi angeipata wapi, katika mto wenye maji ya uvuguvugu na kijiji kisicho na umeme? Barafu ilipofika delta ilikuja kwa ajili ya kuhifadhi kamba waliovuliwa, na wanunuzi wao waliihesabu kwa thamani ya kamba, si ya mabega. Tena mbebaji alikuwa na maumivu mawili kwa pamoja: pigo, na misuli iliyokakamaa kwa kutwa nzima ya mizigo. Joto lililegeza misuli, akaweza kurudi kazini maji yalipotoka tena, na kwa mtu anayelipwa kwa kazi aliyoifanya, hicho ndicho kipimo cha kupona.

Jambo moja mkandaji alilipatia kuliko vitabu vingi. Vitabu hufundisha kufuata rangi: wekundu, zambarau, kijani, manjano. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hufifia au hazionekani kabisa, na vidole vinavyotafuta moto, ugumu na maumivu huona zaidi ya jicho. Chuku sitaitetea. Kuchanja mahali palipovilia damu ni kuifungulia mlango pepopunda, na hakuna biashara ya boriti inayotosha kuwa udhuru.

Atatokea wa kusema kwamba kukanda ni desturi ya pwani nzima, Lamu mpaka Kilwa, kwa hiyo boriti za Rufiji hazihusiki. Ni kweli desturi ni ya wote. Kilichokuwa cha delta ni wingi wa mapigo yenyewe, na umbali: hospitali ya Utete ilikuwa safari ya mtumbwi kupandisha mto, na hakuna aliyefunga safari hiyo kwa sababu ya bega. Uvunaji wa mikoko ulipopigwa marufuku mwaka 1987 ukataji haukukoma, ila mkondo wa ajali ulianza kuhama. Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto mwaka 2003, lami ikaja, na leo Kibiti damu huvilia zaidi kwa kuanguka na bodaboda. Pigo la kichwani au tumboni kwa mwendo ule huweza kuvujisha damu mahali kitambaa hakifiki. Mtu akitapika, akisinzia ovyo au tumbo likiwa gumu, maji ya chumvi yaepuliwe na itafutwe gari ya kwenda hospitali ya Mchukwi. Na asipewe aspirini, kwa kuwa huizuia damu kuganda.