Mtoto hachoki, lakini mtwishe mzigo uone

Kuna jambo watu wazima hupenda kulisema: watoto hawachoki. Hebu tulitazame tukianzia Masoko, kule Rungwe.

Kando ya ziwa Kisiba, Wajerumani walijenga boma la mawe na kuweka Kompania ya 5 ya jeshi lao. Mei 1916 Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey wakaingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na kuteka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu. Barabara zilikuwa chache, na sehemu kubwa ya nchi mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Unga na risasi vikasafiri vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na lishe duni. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo: kama kilo 25 hadi 30. Mzigo ulikuwa mmoja, miili tofauti. Je, miili huchoka sawa?

Jibu ni hapana. Mwaka 1938 Sid Robinson wa Harvard alipima wavulana na wanaume wa miaka 6 hadi 91. Baada ya mazoezi makali, watoto walikuwa na asidi ya laktiki kidogo kwenye damu kuliko watu wazima. Mwaka 2018 Sébastien Ratel, Anthony Blazevich na wenzao wakawapandisha baiskeli wavulana wa miaka 8 hadi 12. Walirudisha pumzi na mapigo ya moyo haraka kama wanariadha waliobobea wa mbio ndefu!

Sababu ni kwamba misuli ya mtoto hutegemea zaidi oksijeni. Misuli ya mtu mzima ina nguvu kubwa ya ghafla, ila hulipia nguvu hiyo kwa kuchoka upesi na kuchelewa kupona. Kijana aliyebalehe yuko katikati: nguvu inaongezeka, na uchovu wa kiutu uzima unakuja nayo.

Sasa angalieni mtego. Vipimo hivyo hulinganishwa na mwili wa anayepimwa. Maisha hayafanyi hivyo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni theluthi moja ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 30 ni theluthi mbili. Isitoshe, mtoto akitembea hutumia nishati nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Yule yule aliyecheza mpira mpaka jua likazama atachoka mapema chini ya mkungu wa ndizi.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa uzito wa mizigo, ukitaka ya vijana iwe midogo sana kuliko ya watu wazima. Sheria yetu ya Ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na mwenye 14 apewe kazi nyepesi tu. Lakini ndoo ya nyumbani haina mkaguzi. Ni sisi tunaomtwisha, na tunasema hachoki kwa sababu tulimwona akicheza.