Tiba ya kusisimua ubongo: Kazi ya wataalamu na maswali ya mgonjwa wa Eldoret

MTU ambaye mikono yake hutetemeka hata asiweze kushika kikombe cha chai, au anayeanguka kifafa mara kwa mara licha ya kumeza dawa, huwa tayari kujaribu lolote. Si ajabu basi kwamba yeye na jamaa zake huvutiwa wanaposikia kuwa zipo mashine zinazotuliza ubongo kwa umeme au kwa sumaku.

Mashine hizo zipo, na baadhi yake zimethibitishwa kisayansi. Hata hivyo, hazifai kila ugonjwa wa ubongo, na manufaa yake hutegemea sana maarifa ya wataalamu wanaomchunguza mgonjwa kabla ya chombo chochote kuwashwa.

Kwa wakazi wa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, na wa kaunti jirani za Nandi, Elgeyo Marakwet, Trans Nzoia na Pokot Magharibi, suala hili linahusu afya na mali pia. Familia inayouza ng'ombe kugharamia tiba isiyomfaa mgonjwa wao hubaki bila mifugo, naye mgonjwa hubaki na maradhi yake.

Ubongo na umeme wake

Ubongo wa binadamu hufanya kazi kwa kemikali na kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Seli nyingi zinapotoa umeme kwa pamoja bila mpangilio, mtu hupatwa na kifafa. Mitetemo ya ugonjwa wa Parkinson nayo huhusiana na mawasiliano yaliyovurugika katika sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo.

Tiba ya kusisimua ubongo hulenga kurekebisha mawasiliano hayo kwa kuingiza umeme mahali maalumu, ama kwa kutumia sumaku ili umeme uzuke humo humo ubongoni.

Wazo lenyewe ni la kale. Yapata miaka 2,000 iliyopita, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika kuhusu kutuliza maumivu ya kichwa kwa kumwekea mgonjwa samaki wa jamii ya taa ambaye hutoa umeme. Mnamo 1924, daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1929. Kipimo alichobuni, EEG, kingali nguzo ya uchunguzi wa kifafa duniani kote.

Aina kuu za tiba

Aina ya zamani zaidi miongoni mwa zinazotumika hospitalini ni tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa mjini Roma mnamo 1938 na madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Hutumiwa kwa sonona kali, hasa mgonjwa anapokataa kula au anapokuwa katika hatari ya kujiua, na kwa baadhi ya magonjwa mengine mazito ya akili.

Wengi huiogopa kutokana na jinsi ilivyofanywa zamani, mgonjwa akiwa macho. Siku hizi mgonjwa hupewa kwanza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na mshtuko wenyewe huwa mfupi. Kwa kawaida hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, hadi zitimie takriban mara sita hadi 12. Athari inayolalamikiwa zaidi ni kusahau mambo ya karibuni, ingawa kwa wengi kumbukumbu hurejea polepole.

Aina ya pili hutumia sumaku. Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, waliionyesha kwa mara ya kwanza mnamo 1985. Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, nacho kifaa chenye koili ya waya huwekwa karibu na kichwa chake na kutoa midundo ya sumaku. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa sonona mnamo 2008, na baadaye kwa kipandauso na kwa maradhi ya akili yanayomfanya mtu kurudia jambo moja bila kukoma.

Tiba hii haihitaji upasuaji wala dawa ya usingizi, lakini huhitaji uvumilivu: mgonjwa wa sonona hufika kliniki siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Haimfai aliye na chuma fulani kichwani, kama vile kibanio cha mshipa wa damu au kifaa cha kusaidia usikivu kilichopandikizwa sikioni. Aidha, ingawa ni nadra, inaweza kumletea mtu kifafa. Ndiyo maana mtaalamu hana budi kuuliza historia yote ya mgonjwa kabla ya kuanza.

Aina ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa huhitaji kutoboa fuvu. Mnamo 1987 mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alitambua akiwa katika upasuaji kwamba umeme wa kasi kubwa ukielekezwa ndani kabisa ya ubongo hutuliza mitetemo. Leo hii daktari hupitisha nyaya nyembamba hadi mahali hapo, kisha huziunganisha na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga.

Marekani iliidhinisha njia hiyo kwa mitetemo mnamo 1997, kwa ugonjwa wa Parkinson mnamo 2002, na kwa kifafa kisichosikia dawa mnamo 2018. Wanaofaidika zaidi kati ya wagonjwa wa Parkinson ni wale ambao bado hupata nafuu wanapomeza dawa ya levodopa, lakini nafuu hiyo haidumu au huandamana na mienendo ya viungo isiyodhibitika. Tiba haiponyi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea, hupunguza dalili. Hatari zake ni pamoja na kuvuja damu ubongoni na maambukizi, na betri hulazimika kubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Aina ya nne husisimua neva kubwa ipitayo shingoni kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Kifaa hufukiwa kifuani na kutuma umeme kila baada ya muda. Iliidhinishwa Marekani kwa kifafa mnamo 1997. Huwapunguzia wengi idadi ya mara wanazoanguka, lakini ni wachache wanaoacha kuanguka kabisa.

Vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyouzwa kupitia intaneti ili mtu ajiwekee umeme hafifu kichwani akiwa nyumbani. Utafiti kuvihusu umetoa matokeo yanayotofautiana, na haifai mtu kuvitumia pasipo ushauri wa daktari.

Kikosi cha wataalamu

Kliniki inayostahili kutoa tiba hizi haiendeshwi na mtu mmoja. Daktari wa mfumo wa neva ndiye anayetambua ugonjwa. Daktari wa magonjwa ya akili huamua kuhusu sonona na maradhi yanayofanana nayo. Daktari wa upasuaji wa ubongo huhitajika pale nyaya zinapopandikizwa, naye mtaalamu wa dawa za usingizi hulinda pumzi na moyo wa mgonjwa.

Nyuma yao wapo wanaopima EEG, wanaosoma picha za MRI, wauguzi, wanasaikolojia na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Baada ya upasuaji, lazima awepo mtu wa kurekebisha kiwango cha umeme mara kwa mara kwa miezi mingi. Mgonjwa aliyepandikizwa kifaa mbali na kwao, kisha akakosa wa kukirekebisha karibu, huwa amenunua nusu ya tiba.

Jambo hili ni zito nchini Kenya, ambako madaktari wa mfumo wa neva ni wachache na wengi wao wako Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Eldoret.

Eldoret na wagonjwa wake

Tegemeo kuu la eneo hili ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), iliyoanza mwaka wa 1917 kama hospitali ndogo na kupandishwa hadhi kuwa ya rufaa ya kitaifa mnamo 1998. Ni ya pili kwa hadhi hiyo baada ya Hospitali Kuu ya Kenyatta, na hupokea wagonjwa kutoka magharibi mwa nchi, Bonde la Ufa Kaskazini na hata mataifa jirani. Hufanya kazi bega kwa bega na shule ya matibabu ya Chuo Kikuu cha Moi.

Wagonjwa wengi wa kifafa wanaotoka vijijini hawahitaji mashine ghali kama hatua ya kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 50 wana kifafa ulimwenguni, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji.

Dawa za kawaida za kifafa, kama vile phenobarbitone, ni za bei nafuu. Kinachowakwamisha wengi ni dawa kukosekana katika zahanati, nauli, na imani kwamba ugonjwa huo ni laana au unaambukiza. Kifafa hakiambukizi. Miongoni mwa visababishi vyake ni majeraha ya kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni na mabuu ya minyoo ya nguruwe.

Kwa mujibu wa madaktari, kifafa huhesabiwa kuwa sugu iwapo dawa mbili zilizochaguliwa vyema na kumezwa inavyostahili zimeshindwa kukidhibiti. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu upasuaji au kifaa cha umeme yanapofaa kuanza. Anayeacha dawa ghafla ili akajaribu mashine hujiweka katika hatari ya kuanguka mfululizo, hali inayoweza kuua.

Mnamo Mei 2022, mataifa wanachama wa WHO yalipitisha mpango wa miaka kumi kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya neva. Unalenga kwamba kufikia 2031, asilimia 80 ya waliotambuliwa kuwa na kifafa wawe wanapata dawa zinazofaa, salama na za bei wanayoimudu.

Haki za mgonjwa

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila mojawapo, na haki yake ya kukataa. Maelezo hayo yanafaa kutolewa kwa lugha anayoielewa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 nayo yalitilia mkazo ridhaa ya mgonjwa kabla ya kutibiwa.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mgonjwa au jamaa yake anafaa kuuliza: Ugonjwa wenyewe unaitwaje, na umethibitishwa kwa vipimo gani? Je, mashine hii imeidhinishwa kwa ugonjwa huo au kwa mwingine? Dawa zipi zimeshajaribiwa, na kwa muda gani? Ni nani atakayefuatilia hali baada ya tiba? Je, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia sehemu yoyote?

Aidha, anaweza kuthibitisha kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) iwapo daktari amesajiliwa na kliniki ina leseni.

Mtaalamu wa kweli hakasirishwi na maswali hayo. Anayeahidi kuponya kifafa, kiharusi, sonona na Parkinson kwa mashine moja, tena bila kumchunguza mgonjwa, anastahili kuepukwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na aliyevumilia ugonjwa kwa miaka hatapoteza kitu akisubiri wiki chache zaidi ili apate maoni ya daktari wa pili.