Agak si Kurabu

Kiswahili kinatupa neno moja, kunguru, kwa ndege wenye historia tofauti kabisa. Yule tunayemwona Oyugis, akizunguka juu ya soko na barabara ya Kisumu kwenda Kisii, ni mweusi mwenye kifua cheupe, kama amevaa fulana. Kwa Dholuo tunamwita agak. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, hakuletwa na mtu. Yule wa Mombasa, ambaye wengine huko pwani humwita kurabu, ni mwembamba zaidi na shingo yake ni ya kijivu. Huyo aliletwa.

Tena aliletwa kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, utawala wa Waingereza kule Zanzibar uliagiza kundi dogo la kunguru kutoka India ili wale taka za mji. Wahenga walishasema kunguru hafugiki, lakini serikali ikaona inaweza kumwajiri. Kufikia 1917 mwajiriwa alikuwa ameshatangazwa mharibifu: alikuwa amezaana mno, akila mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Kutoka hapo amesambaa pwani na kuanza kuingia bara, akifuata barabara na majalala. Kurabu hana pori lake popote duniani. Penye watu na taka ndipo kwao, na meli humsaidia: miaka ya 1990 alifika hadi Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi.

Haya yote tunayajua kwa sababu kuna watu waliohesabu. Marekani, siku ya Krismasi mwaka 1900, Frank Chapman aliwashawishi watu 27 wahesabu ndege badala ya kuwawinda. Hesabu hiyo bado hufanyika kila msimu wa baridi, na kutokana nayo unaweza kuona kunguru fulani akisogea jimbo hadi jimbo. Sisi hatuna theluji, lakini tunayo ramani. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa atlasi ya ndege wa Kenya, nchi ikiwa imegawanywa miraba yenye upande wa kilomita 55 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaimeza Oyugis pamoja na Kisii, yaani jina letu halionekani kabisa. Tangu 2013, Kenya Bird Map inatumia miraba ya kilomita 9 hivi, na anayeijaza ni mtu yeyote mwenye simu na macho.

Hapo ndipo mambo yanapotuhusu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja wa India kabla mwaka kuisha, kwa sumu. Simtetei kurabu, pwani amewatesa ndege wadogo, wafugaji wa kuku na wenye hoteli. Ila ukisikia tu "kunguru milioni moja", utajuaje kwamba agak hayumo? Sumu ikifika mikononi mwa mtu asiyejua tofauti, mwenyeji atakufa kwa makosa ya mgeni.

Kuna na upande wa pili. Wataalamu wanahofia kurabu atafika Nairobi, na kutoka Nairobi hadi ziwani ni safari ya usiku mmoja tu kwa lori. Wakionekana wawili, wanaweza kuondolewa mapema. Wakigunduliwa wakiwa maelfu, tutarudia hadithi ya Zanzibar. Mraba usiojazwa hausemi kwamba kurabu hayupo. Unasema tu kwamba hakuna aliyeangalia.

Kwa hivyo wewe wa Oyugis, Rongo au Migori, kabla hujaokota jiwe, tazama kifua na shingo. Kifua kikiwa cheupe, mwache ale. Shingo ikiwa ya kijivu na hakuna cheupe popote, piga picha, andika tarehe na mahali, kisha ijaze kwenye ramani.