Usimamizi wa maji ya mito mkoani Dodoma

Usimamizi wa maji ya mito mkoani Dodoma ni kazi ya kukusanya, kuhifadhi na kugawa maji ya mito ya mkoa huo, ulio katika uwanda wa juu wa Tanzania ya kati, kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, kilimo, mifugo na umeme. Karibu mito yote ya mkoa ni ya msimu: hujaa ghafla wakati wa mvua, kisha hubaki makorongo ya mchanga kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo suala kuu si wingi wa maji kwa mwaka peke yake, bali ni mahali pa kuyaweka hadi mvua nyingine.

Hali ya hewa na mabonde

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua kali na upepo huweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji ya wazi kwa mwaka. Hivyo lambo lenye kina kifupi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake hata kabla watu na mifugo hawajayatumia.

Maji ya mkoa hutiririka kuelekea pande tatu:
- Mto Bubu hutoka nyanda za juu za kaskazini, hupita Kondoa na Chemba na kuishia katika kinamasi cha Bahi, kisicho na njia ya kwenda baharini. Uko katika Bonde la Kati.
- Mto Kinyasungwe huelekea mashariki kupitia wilaya ya Mpwapwa, hufuata Mkondoa na Wami, na kufika Bahari ya Hindi.
- Mto Kisigo, upande wa kusini, huingia Mtera na kuungana na Ruaha Mkuu, tawimto la Rufiji.

Kila bonde lina bodi yake ya maji: ya Bonde la Kati iko Singida, ya Wami/Ruvu iko Morogoro, na ya Rufiji iko Iringa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, bodi hizo hutoa vibali vya kutumia maji. Matumizi ya lazima ya binadamu hutangulia, yakifuatiwa na akiba ya kutunza mazingira. Mipaka ya mabonde haifuati mipaka ya mikoa, kwa hiyo Dodoma pekee haiwezi kuamua juu ya maji yake.

Visima vya Makutupora

Chanzo kikuu cha maji ya jiji ni visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Visima hivyo husimamiwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA). Maji ya Kinyasungwe Mdogo na vijito vyake huzama katika mchanga na miamba iliyopasuka, ambako jua haliyafikii. Hilo ni bwawa la asili lisilo na tuta.

Hata hivyo bwawa hilo halijazwi kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji Makutupora, ulionyesha kwamba maji chini ya ardhi hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, ambayo mara nyingi huambatana na El Niño, kama ule wa 1997/98. Kati ya misimu hiyo kina hushuka taratibu kadiri pampu zinavyovuta. Mvua ya wastani huweza kuotesha mtama bila kuongeza maji kisimani.

Malambo, mabwawa na mashapo

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa kadhaa, likiwemo la Hombolo, ambalo leo hutumika kwa uvuvi na umwagiliaji. Maji yake yana chumvi. Adui wa pili wa mabwawa hayo, baada ya jua, ni mashapo, yaani udongo unaoletwa na mafuriko na kutuama chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi. Walikadiria kwamba Ikowa na Matumbulu yangejaa udongo katika miongo michache tu.

Chanzo cha mashapo kiko kwenye miteremko iliyolimwa na kuchungiwa bila kupumzishwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani na miti vilirudi, lakini wafugaji walilazimika kupeleka mifugo yao kwingine.

Bwawa la Mtera

Bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Mwaka 1988 Mtera yenyewe ilianza kuzalisha umeme, ikiwa na uwezo wa megawati 80. Kina cha juu kabisa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Uzalishaji husimama kikishuka hadi mita 690. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa kila mwaka katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mvutano kati ya umeme, mpunga wa Usangu na wanyamapori umeendelea.

Farkwa na kuhamisha maji

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, uliotekelezwa kwa kasi kuanzia 2016, uliongeza mahitaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huo. Ya 2022 ilihesabu 765,179.

Miongoni mwa vyanzo vipya vilivyopangwa ni bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu, wilayani Chemba, ambalo maji yake yangeletwa jijini kwa bomba. Mpango huo unahamisha maji kutoka bonde moja kwenda jingine, na una gharama ya pande mbili. Wakazi wa vijiji vya Mombose na Bubutole walitakiwa kupisha bwawa kwa fidia. Chini ya mto, wakulima wa mpunga wa Bahi hutegemea Bubu huohuo kupitia banio lao, na wavuvi hutegemea kinamasi kinachojazwa na mafuriko yake. Bwawa likizuia mafuriko yote, mji hupata maji na kinamasi hukauka. Likiachia maji kwa ratiba, pande zote zinaweza kupata sehemu, ingawa ndogo kuliko kila upande ungependa.

Mapendekezo mengine ni kuvuta maji kutoka Mtera, au kutoka Ziwa Viktoria kwa kurefusha bomba lililokwisha kufika Tabora, Nzega na Igunga.

Tazama pia
- Mkoa wa Dodoma
- Mto Wami
- Ruaha Mkuu
- Mmomonyoko wa udongo