Ukubwa wa Kihisi na Ubora wa Picha Katika Kamera za DSLR: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua

Na Mwandishi Wetu

Picha ya tukio la umma ni kumbukumbu isiyopigwa mara ya pili. Kiapo kikishaapwa, mkataba ukishatiwa saini na mgeni akishapanda ndege, kilichobaki katika kadi ya kamera ndicho kitakachosomwa na vizazi vijavyo. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kamera kwa ajili ya ofisi ya umma, chombo cha habari au kijana anayeanza kujiajiri kwa kazi ya picha ni jambo linalostahili kufanywa kwa maarifa, na si kwa kufuata tangazo la dukani.

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: kamera hii ina megapikseli ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini haliwezi kusimama peke yake. Makala haya yanaeleza sehemu ya kamera ambayo mara nyingi husahaulika, yaani ukubwa wa kihisi, namna unavyoathiri ubora wa picha, na mipaka ya athari hiyo.

Kihisi ni nini

Kihisi ni kipande chembamba cha silikoni kilichopo nyuma ya lenzi, mahali ambapo zamani palikaa filamu. Katika kamera ya DSLR, mwanga huingia kupitia lenzi na kuakisiwa na kioo kuelekea kwenye jicho la mpiga picha. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, shata hufunguka na mwanga hukifikia kihisi. Uso wa kihisi umegawanywa katika mamilioni ya vijumba vidogo viitwavyo pikseli, na kila kimoja hupima kiasi cha mwanga kilichopokea. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja.

Ikumbukwe kuwa idadi ya pikseli na ukubwa wa kihisi ni vitu viwili tofauti. Shamba la ekari moja na shamba la ekari mbili yanaweza kupandwa miche ileile elfu moja. Tofauti itakuwa katika nafasi anayoipata kila mche.

Ukubwa unaotumika zaidi

Kipimo kinachochukuliwa kuwa rejea ni fremu kamili, chenye upana wa takriban milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kipimo hicho kilirithiwa kutoka kwenye filamu ya milimita 35, ambayo kamera ya Leica iliyozinduliwa mwaka 1925 iliifanya ienee duniani kwa upigaji wa picha mnato. Eneo lake ni takriban milimita za mraba 864.

Kipimo cha pili ni APS-C. Kwa kamera za Nikon kina takriban milimita 23.5 kwa 15.7, na kwa kamera nyingi za Canon takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Eneo lake ni chini ya nusu ya fremu kamili. Kipo pia kipimo cha Four Thirds cha milimita 17.3 kwa 13, kilichotumiwa na kampuni ya Olympus katika kamera zake za DSLR kuanzia mwaka 2003. Kwa kulinganisha, vihisi vya simu nyingi za mkononi vina upana wa milimita chache tu.

Sababu ya kamera nyingi za DSLR kutumia kipimo cha APS-C ni gharama. Vihisi hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni, na kadiri kihisi kinavyokuwa kikubwa ndivyo sahani moja inavyotoa vihisi vichache, na ndivyo dosari moja ndogo inavyoharibu sehemu kubwa zaidi ya mali. Ndiyo maana kamera za fremu kamili zilianza kama vifaa vya bei ya juu sana, Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002 ikiwa miongoni mwa za mwanzo.

Kwa nini ukubwa una maana

Mwanga hufika kwenye kihisi kwa chembe ziitwazo fotoni, na chembe hizo hudondoka bila mpangilio kamili, mfano wa matone ya mvua. Ukiweka sufuria mbili pana uwanjani wakati wa manyunyu, zitapata maji yanayokaribiana. Ukiweka vikombe viwili vidogo, kimoja kinaweza kupata matone machache kuliko mwenzake, ingawa mvua ni ileile.

Hesabu yake ni nyepesi. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 huwa na mtikisiko wa takriban fotoni 100, ambao ni asilimia 1. Pikseli iliyopokea fotoni 2,500 huwa na mtikisiko wa takriban 50, ambao ni asilimia 2. Mwanga ukipungua mara nne, mtikisiko unaoonekana huongezeka mara mbili. Mtikisiko huo ndio mpiga picha anaouita chenga: vidoa vidogo vinavyoonekana kwenye uso wa mtu, kwenye suti nyeusi au kwenye anga la jioni.

Kihisi kikubwa, kwa tundu la lenzi na kasi ya shata zilezile, hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha nzima kwa kuwa eneo lake ni kubwa. Kwa hiyo chenga hupungua. Aidha, pikseli kubwa huweza kuhifadhi mwanga mwingi kabla ya kujaa, jambo linalosaidia kushika shati jeupe lililopo juani na sura iliyopo kivulini katika picha moja, bila kimoja kuungua au kingine kuzama gizani.

Mfano wa kamera mbili za mwaka mmoja

Mwaka 2016 kampuni ya Nikon ilitoa kamera mbili zinazofaa sana kwa ulinganisho huu: D5 yenye kihisi cha fremu kamili na D500 yenye kihisi cha APS-C. Zote mbili hutoa picha yenye pikseli 5,568 kwa 3,712, yaani takriban megapikseli 20.7. Mnunuzi anayetazama megapikseli pekee angesema kamera hizo ni sawa.

Hata hivyo, pikseli ya D5 ina upana wa takriban mikromita 6.4, ilhali ya D500 ina takriban 4.2. Kwa eneo, pikseli ya kwanza ni kubwa zaidi ya mara mbili ya nyingine. Tofauti hiyo inajitokeza katika kiwango cha ISO, yaani kipimo cha namna kamera inavyokuza mwanga hafifu: kiwango cha kawaida cha juu cha D5 ni 102,400 na cha D500 ni 51,200, nusu kamili. Katika ukumbi wenye taa chache, au mchezo wa usiku ambapo shata haiwezi kupunguzwa kasi, nusu hiyo ni jambo kubwa.

Lakini ipo upande wa pili wa mizani. Zilipotoka, D5 iliuzwa kwa takriban dola 6,500 za Marekani na D500 kwa takriban dola 2,000, bila lenzi. D5 ina uzito wa takriban kilo 1.4 pamoja na betri, na D500 takriban gramu 860. Tena, kwa kuwa kihisi kidogo hukata sehemu ya katikati ya taswira, lenzi ya milimita 200 kwenye D500 huonyesha eneo sawa na lile ambalo lenzi ya milimita 300 ingelionyesha kwenye D5. Mpiga picha za ndege na wanyamapori anaweza kuihesabu hiyo kuwa faida, kwani anafikia mbali kwa lenzi nyepesi na nafuu.

Mipaka ya faida

Ni vyema ikafahamika kuwa kihisi kikubwa si dawa ya kila tatizo. Kwanza, kwa mchomo uleule wa picha na tundu lilelile la lenzi, kihisi kikubwa huacha eneo dogo zaidi likiwa kali mbele na nyuma ya mlengwa. Hilo hupendeza katika picha ya mtu mmoja, lakini katika picha ya pamoja yenye safu tatu za viongozi linaweza kuiacha safu ya nyuma ikiwa na ukungu. Mpiga picha akibana tundu ili safu zote ziwe kali, huku kasi ya shata ikibaki ileile, atalazimika kupandisha ISO, na sehemu kubwa ya faida ya chenga itapotea.

Pili, teknolojia husonga mbele. Kihisi kidogo cha miaka ya karibuni kinaweza kukishinda kikubwa cha miaka mingi iliyopita. Tatu, mchana wenye mwanga wa kutosha, tofauti kati ya vipimo hivi huwa ndogo kiasi kwamba msomaji wa kawaida hawezi kuibaini. Nne, lenzi duni huharibu picha hata kihisi kikiwa bora.

Kuhusu megapikseli, kipimo cha vitendo kipo. Kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, ambazo hazifiki megapikseli 9. Ukubwa wa A3 huhitaji takriban megapikseli 17. Kamera ya megapikseli 20 inatosha kwa magazeti, vipeperushi, kalenda na tovuti.

Ushauri kwa mnunuzi

Hivi sasa kampuni kubwa zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, na kamera nyingi za DSLR zinapatikana zikiwa zimetumika. Kanuni zilizoelezwa hapa zinahusu aina zote mbili. Mnunuzi azingatie yafuatayo:

Asome ukubwa wa kihisi kwa milimita, na si megapikseli pekee. Kwa manunuzi ya umma, ambako thamani ya fedha ndiyo msingi, kipimo hicho kinapaswa kuandikwa katika mahitaji ya kitaalamu ili wazabuni walinganishwe kwa haki.

Aainishe kazi kabla ya bei. Matukio ya ukumbini na usiku yanahalalisha fremu kamili. Shughuli za mchana, mafunzo na picha za wanyama hutimizwa vyema na APS-C.

Ahesabu lenzi pamoja na kamera. Lenzi za EF-S za Canon hazifungiki kwenye kamera za DSLR za fremu kamili, na lenzi za DX za Nikon zikifungwa kwenye D5 hutumia chini ya nusu ya pikseli zake.

Kwa kamera iliyotumika, aulize idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Shata ya D500 ilijaribiwa kwa mara 200,000 na ya D5 kwa mara 400,000.

Mwisho, apige picha ya majaribio ndani ya chumba chenye mwanga hafifu na kuikuza kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kulipa. Chenga zitakazoonekana hapo ndizo zitakazobaki kwenye kumbukumbu za tukio.